Okidi ya Kitulo Itambuliwe Mahali Pake

Mvua za masika ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania zinapokolea, nyasi za uwanda wa Kitulo hufunikwa na maua, na wenyeji hawakukosea walipoliita eneo hilo Bustani ya Mungu. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa sababu ya mimea yake, zikiwamo aina zipatazo 45 za okidi zinazoota ardhini. Wengi huamini kwamba kuijua okidi ni kulijua ua lake. Naamini ua ni nusu tu ya utambuzi. Nusu ya pili ni ardhi lilikochanua, na anayeipuuza hawezi kuihifadhi okidi yenyewe.

Ua hutupa mwanzo mzuri. Okidi ina sepali tatu na petali tatu, na petali moja, yaani mdomo, hutofautiana na nyingine. Mdomo wa Satyrium hukaa juu kama kofia na una vijimkia viwili. Wa Habenaria kwa kawaida una kimoja. Na kwa Disa kijimkia hutoka kwenye sepali ya juu. Hapo tumepata jenasi. Ili kuifikia spishi hatuna budi kutazama pia majani, na kuuliza kama mmea umesimama kwenye tope la bonde, kwenye nyasi kavu au kando ya mawe. Swali hilo lina uzito kwa sababu mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti bila kuvu wanaofaa udongoni. Ardhi ikivurugwa, kitalu chake nacho kimekwisha.

Wapo wanaosema maabara inaweza kuitambua okidi kwa vinasaba vya kiazi chake. Ni kweli, na hilo linasaidia sana mpakani, ambako viazi vinavyopelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda huwa vimechanganywa magunia kwa magunia. Lakini jibu hilo huja mmea ukiwa umeshang'olewa. Wengine wanahofia kwamba kueleza makazi ya okidi ni kuwaelekeza wachimbaji wa viazi hivyo. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana ramani za kina zibaki kwa walinzi. Hata hivyo wachimbaji wanayajua mabonde hayo tayari. Asiyeyajua ndiye anayeshindwa kuyalinda. Na kwa wanaotetea kipato cha wachimbaji, historia ya biashara yenyewe inajibu: ilivuka mpaka kuja Tanzania baada ya viazi kuadimika Zambia. Kipato kinachomaliza chanzo chake hakiwezi kumlea mtoto wa mchimbaji.

Kwa hiyo vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wafundishwe na walipwe kuorodhesha okidi zikiwa hai: wapige picha ya ua na jani, waandike unyevu wa udongo na mimea jirani, wasichimbe chochote. Orodha ya namna hiyo, ikirudiwa kila msimu, itaonyesha ni bonde lipi linapoteza okidi zake wakati bado zipo za kuokoa.