Muhogo Mchungu na Pumzi ya Seli

Hapa Lionja muhogo mchungu tunaupanda kwa makusudi. Nguruwe pori hawaushobokei, na njaa ikiingia tunaukuta bado uko ardhini. Nafundisha baiolojia, na nikifika kwenye upumuaji wa seli huanzia kwa muhogo huo. Kitabu kinaanzia kwenye michoro, wanafunzi wanasinzia.

Ugali ukishasagwa tumboni huingia kwenye damu kama glukosi. Ndani ya seli glukosi hukatwa vipande viwili, na hapo seli huambulia ATP 2 tu, ile nishati inayokunja msuli na kuendesha neva. Faida kubwa iko kwenye mitokondria. Humo vipande vile huchambuliwa hadi ibaki kabonidayoksaidi tunayoitoa puani, na elektroni zake hupokezanwa kama vijana wanavyopokezana tofali kwenye ujenzi, hadi oksijeni izipokee na maji yatokee. Kupokezana huko ndiko kunakofikisha ATP karibu 30 kwa glukosi moja.

Anayeikabidhi oksijeni elektroni hizo ni kimeng'enya chenye chuma ndani yake. Sayanidi, sumu inayotoka kwenye muhogo mchungu, hung'ang'ania chuma hicho, na mstari mzima unasimama. Mgonjwa anavuta hewa, damu yake imejaa oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia. Ubongo hulalamika mapema: kichwa, kizunguzungu, kutapika.

Majirani zetu wa Masasi sumu hiyo iliwakuta mwaka 1988, wakati wa ukame. Makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa, yanataka siku nyingi juani, na mwenye njaa hana siku hizo. Watu wakatwanga muhogo mbichi, wakaanika, wakatwanga tena, ugali ukaliwa upesi. Njia hiyo huitwa chinyanya. Mkoani Mtwara, mwaka 2002 na 2003, sumu hiyohiyo ikazusha ugonjwa wa konzo: miguu hukakamaa ghafla na hairudi ilivyokuwa. Huwapata zaidi watoto na wanawake.

"Mwalimu, unga nimeshausaga, niumwage?" aliniuliza mama mmoja jirani.

Usiumwage, mama. Uloanishe kwa maji, uutandaze mwembamba, uuache kivulini kwa muda wa saa tano au juani kwa muda wa saa mbili. Kimeng'enya cha muhogo wenyewe huifungua sumu, nayo hupaa hewani. Kisha songa ugali siku hiyohiyo. Na uule kwa dagaa au maharage, maana mwili unahitaji salfa ya protini ili kuigeuza sayanidi iliyobaki itoke kwa mkojo. Tabu ni kwamba mwaka wa njaa, dagaa na maharage ndivyo vinavyotangulia kukosekana.