Mizania ya Kampuni na Mtaji wa Kuendeshea Kazi



Mizania huonyesha hali ya kampuni katika siku moja maalumu, kama hesabu ya ghala siku ya ukaguzi. Upande mmoja huandikwa mali: majengo, mitambo, bidhaa, fedha taslimu na fedha ambazo kampuni inawadai wengine. Upande wa pili huonyesha mali hiyo ilipatikana kwa fedha za nani: madeni, na mtaji wa wenye kampuni. Pande hizo lazima zilingane.

Mali ni za namna mbili. Kiwanda cha nguo cha Nytil, mjini Jinja, kilijengwa katika miaka ya 1950, jirani na umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Mitambo ya kufuma ni mali ya kudumu; haiuzwi leo ili mishahara ilipwe kesho. Pamba, vitambaa na fedha ni mali za mzunguko. Ukiziondolea madeni ya kulipwa ndani ya mwaka, kinachobaki ndicho mtaji wa kuendeshea kazi.

Huko Mbale, Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu hununua kahawa ya Mlima Elgon. Mkulima hutaka malipo wakati wa mavuno, ilhali fedha za mauzo huja baadaye. Ushirika wenye kinu kizuri lakini hauna fedha za msimu ni sawa na gari la doria lisilo na petroli.

Mwaka 1972, Serikali ya Idi Amin ilipowafukuza Waasia, biashara zao ziligawiwa watu wengine, wakiwamo wanajeshi. Wengi waliuza bidhaa walizozikuta wakidhani mapato yote ni faida. Kumbe walikuwa wakila mtaji. Rafu zikabaki tupu, na mitambo mingi ikasimama kwa kukosa vipuri na malighafi.

Somo hilo linamhusu pia askari mwenye akiba katika chama cha akiba na mikopo. Katika mizania ya chama, akiba yake ni deni la chama kwake. Mikopo waliyopewa wanachama ni mali. Basi katika mkutano wa mwaka na aulize: Je, mikopo inarejeshwa? Na jengo jipya limejengwa kwa fedha za muda mrefu, ama kwa akiba ambayo mwenyewe aweza kuidai kesho?