Kifua kikuu na chumba kisicho na dirisha

Mvuvi mmoja wa makamo alifika katika zahanati yangu hapa Ganjoni akitaka dawa ya mafua. "Daktari, ni baridi ya bahari tu," akaniambia. Lakini alikuwa amekohoa tangu pepo za kusi zilipoanza, yaani miezi miwili, amekonda na usiku hutokwa jasho. Makohozi yalipopimwa, ilionekana ana kifua kikuu.

Nikamuuliza analala wapi. Ni chumba kimoja huko Likoni, pamoja na mkewe, watoto wanne na nduguye. Dirisha lilizibwa kwa mabati mwenye nyumba alipoongeza chumba kingine ubavuni.

Wengi bado huamini ugonjwa huu huletwa na baridi au kurogwa. Robert Koch alionyesha mwaka wa 1882 kwamba huletwa na viini. Mgonjwa akikohoa huvitoa hewani. Katika chumba kilichofungwa hubaki kwa muda wa saa kadhaa, vikivutwa na kila aliyelala humo. Nje, upepo huvitawanya na jua huviua.

Ndiyo maana majira ya kusi yana hatari. Kuanzia Aprili bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa pwani na pesa hupungua. Watu hubanana ili wapunguze kodi, hula kidogo, na mvua za masika huwafungia ndani. Mwili usiolishwa vyema hushindwa upesi.

Dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali, kwa kawaida kwa miezi 6. Baada ya wiki chache mgonjwa hupata nafuu, na hapo ndipo wengine huziacha na kurudi baharini. Ni kosa kubwa: ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Anayehama kufuata samaki amwarifu mhudumu mapema, ili apangiwe kituo kingine.

Msomaji, ukikohoa kwa wiki 2 au zaidi, nenda ukapimwe. Mnaolala pamoja pia wachunguzwe, hasa watoto wadogo.

Nanyi wenye nyumba, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu nyumba iliyosongamana au isiyopitisha hewa kuwa kero. Mpangaji anaweza kumwita bwana afya.

Mvuvi yule alimaliza dawa, akapona. Mtoto wake wa mwisho naye aliugua, akatibiwa. Niliposikia habari zao mara ya mwisho, dirisha lilikuwa lingali limezibwa.