Unda Gemu ya Familia Yako kwa Katoni na Vifuniko vya Soda, na Mjue Doo ya Keja Huenda Wapi

Jumapili jioni, kila mtu kwa keja ameinamia simu yake. Stima ikipotea na bando ikate, ndio mnakumbuka mnaishi pamoja. Ludo nayo mmecheza mpaka mtoi mdogo anajua kuiba. Sasa mbona msiunde gemu yenu wenyewe?

Kabla useme ni ngumu, angalia wasee wa steji. Wanacheza drafti mchana kutwa kwa kipande cha mbao na vifuniko vya soda, timu moja imeangalia juu, ingine imeangalia chini. Si lazima plastiki ing'ae ndio gemu ibambe. Kinachobamba ni sheria.

Na sheria zinaweza kusema kitu. Mwaka wa 1904 huko Marekani, mwanadada anaitwa Elizabeth Magie alipata hataza ya gemu iliyoitwa The Landlord's Game. Alitaka watu waone vile wenye ardhi wanatajirika kwa rent huku wapangaji wakisota. Mwaka wa 1935 kampuni ya Parker Brothers ikatoa Monopoly, iliyotokana na wazo hilo, na Magie akalipwa dola 500 tu. Kama rent inaweza kuwa gemu, basi maisha yenu ya mwezi pia yanaweza. Tuiite Mwisho wa Mwezi.

1. Chora bodi

Omba katoni kubwa dukani, ibandike karatasi ya manila. Chora kwa rula boksi 8 upande mmoja na 9 upande wa pili, kila boksi sentimita 5. Tumia zile za ukingoni pekee, katikati paachwe wazi pa kuweka kadi na doo. Ukihesabu ukingo wote unapata boksi 30, yaani siku 30 za mwezi. Kila mchezaji ana kifuniko chake cha rangi tofauti. Mkikutana boksi moja, vipangeni kimoja juu ya kingine.

Dadu mbili zipo kwa ile seti ya Ludo. Doo ni vikaratasi vya 500, 1,000 na 5,000, na mtu mmoja awe benki.

2. Panga doo inavyotembea

Hapa ndipo gemu huishi ama hufa. Fuata kanuni moja: vitu vya lazima unalipa ukipita tu, vitu vya bahati vinakupata ukitua hapo. Mwenye ploti hangoji dadu ikulete kwake.

- Boksi ya 1: mshahara 20,000, kila ukianza mwezi.
- Boksi ya 5: rent 8,000.
- Boksi ya 10: chama 2,000.
- Boksi ya 20: fees ya shule 4,000.

Chama ndio tamu yenyewe. Mkiwa wanne, pangeni zamu kabla ya kuanza. Mchango wa katikati ukifika 8,000, mwenye zamu anabeba zote. Chezeni miezi minne, ili kila mmoja abebe mara moja. Na zamu inaweza kuuzwa! Msee amebanwa na rent, anataka kubeba mapema, mwenzake anamwambia, "Sawa, lakini utaniongeza 1,000." Hapo kelele zinaanza.

3. Weka uamuzi, isiwe bahati tupu

Gemu ambayo dadu inaamua kila kitu inachosha haraka. Kwa hivyo boksi ya 15 iwe biashara: ukipita hapo unaweza kuweka 3,000 ununue mzigo wa mitumba, ama uache. Mwezi ujao ukifika tena, rusha dadu moja. Ikitoka 1 au 2, mzigo umeharibika na doo imeenda. Kutoka 3 hadi 6, unarudishiwa 6,000. Nafasi yako ya kushinda ni 4 kwa 6, si mbaya. Lakini kumbuka fees inakungoja boksi ya 20.

Na mtu akisota? Usimtoe. Kwa Monopoly ukifilisika unakaa kando ukiangalia wengine, na hapo ndipo watu hurudi kwa simu. Hapa aliyesota anakopa kwa mchezaji mwingine, na riba wanaelewana. Mwenye amemaliza miezi yake kwanza anachukua kazi ya benki.

4. Kadi ziandikwe na kila mtu

Boksi za 3, 8, 13, 18, 23 na 28 ziwe za kuvuta kadi. Kuna sababu ya kuweka kadi kwa 8: dadu mbili zina matokeo 36, na jumla ya 7 inatokea kwa njia 6, kuliko jumla ingine yoyote. Ukitoka boksi ya 1, ni rahisi zaidi kutua 8.

Usiandike kadi zote peke yako. Mpe kila mtu vikaratasi vitano: viwili vya kupata doo, vitatu vya kupoteza. Mtoi ataandika amepata 500 chini ya kiti cha mat. Mathe ataandika gesi imeisha tarehe 26. Buda anaweza kuandika simu imepigwa kutoka ocha, kuna mgonjwa, tuma 3,000 leo.

Na hapo msee, usicheke haraka. Kwa keja nyingi hatuongei kuhusu pesa. Unaambiwa "hakuna" na unadhani ni roho mbaya. Kumbe buda hupigiwa hiyo simu kila mwezi na hajawahi kukuambia. Kadi inaweza kumtolea lile neno amekuwa akilimeza. Ukiiona, uliza.

5. Ijaribu mpaka ikae sawa

Miezi minne ni hatua 120. Dadu mbili kwa wastani zinakupeleka hatua 7, kwa hivyo kila mtu atarusha kama mara 17. Mkiwa wanne ni kama mara 68. Kila zamu ikichukua dakika moja, mtamaliza kwa saa moja na kidogo. Ikizidi hapo, punguza mwezi mmoja na upunguze mchango wa chama.

Mkicheza, angalia ni saa ngapi mtu ameshika simu. Hapo ndipo pamelala. Wote wakisota mwezi wa kwanza, rent iko juu. Hakuna anayekopa, kadi ni laini sana. Badilisha sheria moja tu kila mara, la sivyo hutajua ni gani imesaidia.

Mwisho, andika sheria zote kwa ukurasa mmoja, umpe binamu ambaye hajaiona kabla, kisha unyamaze. Akikwama, sheria ndio mbovu, si yeye.

Mshindi ni mwenye doo nyingi baada ya kulipa madeni yote. Haya, katoni hiyo usiitupe. Anza na vikaratasi vya kadi leo jioni, na kile cha kwanza mpe buda aandike.