Kunyoosha Meza na Jiliwa

Siku moja mwanakisomo mwenzetu alikuja darasani Ilomba na shafti ya mashine ya kusaga. Aliifunga ndani ya gunia. Karakana ilikuwa imemchongea, naye alikuwa amelipa. Alisaga kwa wiki mbili tu. Kisha puli ikaanza kucheza, na mashine ikasimama. Akina mama wakabeba mahindi yao kichwani mpaka kijiji cha pili. Ndugu huyu alitaka kujua: je, chuma kilikuwa kibovu?

Tuliitazama shafti pamoja. Shafti huchongwa mfereji mwembamba. Ndani ya mfereji hukaa kipande cha chuma. Kipande hicho huishika puli ili izunguke pamoja na shafti. Mfereji wa shafti ile ulianza vizuri, kisha ukaenda upande. Fundi alikuwa amekipunguza kile kipande kwa tupa ili kiingie. Kwa hiyo kikawa chembamba, kikacheza, kikala kuta za mfereji. Chuma hakikuwa na kosa. Jiliwa ndilo lililofungwa upande.

Mfereji huo huchongwa kwa mashine ambayo mafundi wengi huiita milingi. Si sawa na mashine ya kukereza. Katika kukereza, chuma ndicho kinachozunguka. Katika milingi, kisu huzunguka juu, na chuma hubanwa katika jiliwa. Jiliwa hufungwa juu ya meza kwa bolti. Fundi huzungusha gurudumu la mkono, na meza hutembea kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ziko milingi ndogo zinazotosha juu ya benchi.

Mashine haina macho. Kisu hukata kwa kufuata njia ya meza. Wanaolima kwa plau wanajua jambo hili. Ng'ombe wanaweza kwenda sawa kabisa, lakini kama plau imefungwa upande, kazi huharibika. Sasa tupige hesabu. Taya la jiliwa likipinda milimita 1 katika urefu wa milimita 100, mfereji wa urefu wa milimita 60 utahama milimita 0.6. Kwa macho ni kidogo. Kwa puli inayozunguka kutwa nzima ni kikubwa.

Fundi mwangalifu huanza kwa kuzima umeme na kusafisha. Hufuta meza, na hufuta jiliwa upande wa chini. Chembe moja tu ya chuma ikibaki hapo, jiliwa halitalala sawa.

Kisha hupima kama kisu kimesimama wima juu ya meza. Hufunga mkono wa chuma mahali pa kisu. Kwenye ncha ya mkono hufunga saa ya kupimia. Saa hii haionyeshi wakati. Ina mshale, na alama zake ndogo huwa ni milimita 0.01. Fundi huuzungusha mkono polepole, kushoto, kulia, mbele na nyuma. Mshale ukisoma namba ile ile pande zote, kichwa cha mashine kimesimama vizuri. Usiposoma hivyo, hulegeza bolti za kichwa na kukirekebisha. Mashine nyingine ndogo kichwa chake hakigeuki. Hapo inabidi kuweka vipande vyembamba vya bati chini ya nguzo, na kazi hiyo inataka subira.

Karakana isiyo na saa hutumia karatasi. Ncha ya mkono hushushwa mpaka iguse karatasi ya daftari iliyo juu ya meza. Karatasi ivutike kwa ugumu ule ule kila upande. Si kipimo kamili, lakini ni afadhali kuliko kukisia.

Baada ya hapo ndipo huja jiliwa. Jiliwa lina mataya mawili. Fundi hupima lile lisilosogea, kwa sababu lile linalosogea huwa na mchezo wake. Hukaza bolti moja kidogo, na ya pili huiacha ikiwa imelegea. Saa hugusa taya, na fundi huitembeza meza toka ncha moja ya taya mpaka ya pili. Mshale ukisogea, hugonga jiliwa polepole kwa nyundo ya mti. Asitumie nyundo ya chuma. Hurudia mpaka mshale utulie, ndipo hukaza bolti zote. Kisha hupima tena! Kukaza bolti peke yake kunaweza kulisogeza jiliwa, na mafundi wengi wenye haraka hukosea hapo.

Wewe mwenye shafti unaweza kuukagua mfereji kabla ya kulipa. Chukua kipande kirefu cha chuma kilichonyooka, kinachoingia katika mfereji bila kucheza. Kilaze humo, kitokeze nje ya shafti. Tazama kwa jicho moja. Kikielekea upande, mfereji umepinda, hata fundi akisema nini.

Shafti ya mwenzetu haikutupwa. Ilichongwa mfereji mpya upande wa pili. Safari hii mwenyewe alisimama kando ya meza, akiutazama mshale.

Zoezi: Taya limepinda milimita 1 katika milimita 100. Mfereji una urefu wa milimita 40. Je, utahama kiasi gani?