Mama Aliyeona Kichwa cha Farasi Angani

Wamama mnaoamka kabla ya jogoo kuwika kwenda kuchota maji mnaijua mbingu ya Lusangi kuliko mwalimu yeyote. Mwezi huu wa nane, toka nje saa kumi na nusu za usiku, utazame upande jua linapotokea. Utaona nyota tatu zimepangwa mstari mmoja, kama ngazi iliyolala kidogo. Shika ile ya chini. Karibu sana nayo, upande wa kusini, kuna kitu kikubwa ambacho jicho haliwezi kukiona: wingu jekundu, na mbele yake kivuli chenye umbo la kichwa cha farasi.

Wingu la namna hiyo wataalamu wanaliita nebula. Ni gesi, zaidi haidrojeni, ile ile iliyomo ndani ya maji. Nyota ya joto kali iliyo karibu inaichochea, nayo inang'aa nyekundu. Kichwa cha farasi ni vumbi zito linaloziba mwanga wa nyuma. Mwanga huo unasafiri zaidi ya miaka 1,000 mpaka kutufikia.

Basi watu walikijuaje? Kwa foto. Jicho haliweki akiba ya mwanga. Lakini kamera iliyofungwa kwenye darubini inaweza kuachwa wazi muda mrefu, ikikusanya mwanga kidogo kidogo, kama ndoo chini ya chemchemi inayodondoka. Shida ni kwamba dunia inazunguka, na nyota zinaonekana kuhama digrii 15 kila saa. Darubini isipozifuata polepole kwa mashini, foto inatoka mistari mitupu. Siku hizi wanapiga foto nyingi, kisha kompyuta inaziunganisha kuwa moja.

Tena foto haijitazami yenyewe. Hapo ndipo anapoingia Williamina Fleming.

Alizaliwa Dundee, Scotland, mwaka 1857, na akiwa na miaka 14 alikuwa tayari anafundisha shuleni. Alihamia Marekani na mume wake, ambaye alimwacha akiwa na mimba. Akatafuta kazi ya nyumbani, akaipata kwa Edward Pickering, mkubwa wa kituo cha nyota cha Harvard. Pickering aliona akili yake, na mwaka 1881 akampa kazi kituoni. Kazi hiyo ilikuwa kuchunguza mabamba ya vioo yaliyopigwa foto za anga, moja baada ya jingine. Kwenye bamba moja la mwaka 1888 akaona pengo dogo jeusi ndani ya mwanga hafifu. Ndicho kile kichwa cha farasi. Katika maisha yake aligundua nebula 59.

Lakini orodha kubwa ya nebula ilipochapishwa mwaka 1895, kazi yake iliandikwa kwa jina la Pickering. Na mwaka 1900 Fleming aliandika katika daftari lake kwamba analipwa dola 1,500 kwa mwaka, wakati baadhi ya wasaidizi wanaume wanapata 2,500. Alikuwa akimlea mtoto wake peke yake kwa mshahara huo. Leo vitabu vinamtaja yeye, lakini alikufa mwaka 1911.

Msifikiri mambo haya ni ya Wazungu tu. Kule Kenya, mama mmoja, Susan Murabana, pamoja na mume wake Chu Owen, walianzisha mwaka 2014 kazi ya kuzungusha darubini katika shule, watoto wa vijijini waone wenyewe.

Sisi hatuna darubini. Lakini tuna kaye ya likelemba. Nimeifungua: wengi wetu tumeandikwa "bibi ya fulani" ama "mama ya fulani". Heshima hiyo ni nzuri, wala siikatai. Lakini siku ya kugawanya feza, ama siku mume hayupo tena na ndugu wanadai shamba, jina gani litasimama kama ushahidi?

Juma hili, kila mama amwambie karani jina lake mwenyewe, lote. Asiyejua kuliandika, binti yake amwandikie. Na binti huyo, tafadhali, asitolewe shuleni.