Fahamu: Wimbo ukifungiwa, nani anauzima?

Foleni ya malori Tunduma haikosi muziki. Dereva anashuka, anampa kijana wa kibandani flashi yake, anajaziwa nyimbo, anaendelea kusubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Hapo haulizwi mtu wimbo upi umefungiwa.

Mwenye rungu la kufungia ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Mwaka 2018 rungu lilishuka kwelikweli. Rapa Roma alifungiwa miezi sita kwa sababu ya wimbo wake “Kibamia”. Aliyetangaza ni Juliana Shonza, naibu waziri wa wakati huo na mbunge wa viti maalum wa hapahapa mkoani Songwe. Novemba ikawa zamu ya wimbo “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Wakauimba tena jukwaani, tena Mwanza kwenyewe! Desemba wakazuiwa kutumbuiza. Januari 2019 wakafunguliwa.

Mwaka huohuo wa 2018, China iliziagiza televisheni zisionyeshe wasanii wenye tatuu. Tofauti ni kwamba kule hata YouTube imezibwa. Hapa amri hubana zaidi redioni na jukwaani, na sidhani kama kuna mkaguzi anayejua kilichomo kwenye flashi ya dereva.